Mbwa Huyu Tumfanyeje?

Mwezi uliopita tuliitwa katika nyumba moja ya hapa Butembo kutoa shauri. Tulipokuwa njiani tulidhani neno lenyewe ni karo ya shule, au mpaka wa kiwanja, au kijana aliyekataa kuoa. Maana hayo ndiyo maneno tunayoitiwa kila mara. Tulipoketi na kupewa chai, baba wa nyumba akatuonyesha kwa kidole mbwa mwekundu aliyefungwa mnyororo kwenye nguzo ya mkaratusi. Akasema: «Ndiye huyu. Leo ni siku ya sita. Mbwa huyu tumfanyeje?»

Twakiri kwamba mioyoni tulicheka kidogo. Katika nchi yetu watu wengi wana taabu kubwa kuliko ya mbwa. Lakini tulikaa pale mpaka jua kuchwa, na tulipoondoka hatukuwa na kicheko tena. Tumeomba ruhusa ya baba na mama wa nyumba ile tuyaandike mambo yao bila kutaja jina lolote, kwa sababu twajua kwamba nyumba nyingi, huku Butembo na kule Beni, zina mbwa wa namna hii na swali la namna hii.

Watu hawa si wenyeji wa mji. Walikuwa na shamba la kakao na mihogo upande wa Oicha, kaskazini ya Beni, mahali msitu unapoanza. Mbwa walipewa angali mtoto, na mwindaji mmoja aliyetoka msituni. Ni mbwa wa jamii ile inayojulikana sana upande wa Ituri: mdogo wa mwili, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, naye habweki. Akifurahi hutoa sauti ya ajabu kama mtu aimbaye kwa koo. Akikasirika hunguruma tu. Kwa kuwa hawabweki, wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni wapate kujua walipo katika majani. Wazungu waliowapeleka Ulaya waliwaita basenji, nao walipoonyeshwa London mwaka 1937, katika maonyesho makubwa ya mbwa, watu walisongamana kuwatazama mbwa wa Kongo wasiojua kubweka. Sisi huku tumewaona tangu utoto wetu wala hatukusongamana. Mbwa wa nyumba hii waliita Simba, jina ambalo kwa kimo chake halimfai hata kidogo.

Sasa twaja kwenye jambo lililotunyamazisha. Wasomaji wetu wa Beni hawana haja ya kuelezwa usiku ulivyokuwa katika vijiji vyao tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza. Usiku mmoja Simba aliukwaruza mlango kwa kucha, akanguruma, akaukwaruza tena. Baba alimkemea mara mbili. Mara ya tatu mama akasema: «Baba watoto, mbwa huyu hana desturi hii. Tutoke.» Wakatoka kwa mlango wa nyuma, watoto watano na nyanya yao mzee, wakalala chini ya mikakao bila kukohoa. Asubuhi waliporudi, nyumba mbili za jirani zilikuwa majivu. Juu ya waliokuwamo hatutaandika neno hapa.

Basi wakaifuata njia ya Beni, na kutoka Beni wakaja Butembo, umbali wa kilomita zaidi ya 50, wengine kwa miguu na wengine juu ya lori. Walichukua sufuria, magodoro mawili, na Simba akifungwa kamba ya mgomba.

Mjini walipanga vyumba viwili katika kiwanja chenye wapangaji wengine watatu. Ua ni hatua kumi kwa kumi na mbili, tulizipima wenyewe. Humo hupikwa, hufuliwa, huchezwa, huanikwa mihogo. Kule shambani Simba alikwenda alikotaka, akawinda panya, akalala kivulini, na mgeni aliyekuja alionekana kutoka mbali. Huku wageni huingia mara hamsini kwa siku. Pikipiki hupita mlangoni kwa kelele, chukudu hushuka mlimani na mizigo ya viazi, watoto hurusha mipira na mawe. Mwanzo alijificha chini ya kitanda. Baadaye akaanza kuwafukuza wenye pikipiki. Kisha akaua kuku wa mpangaji mmoja, nao wakalipa. Kisha akararua kitenge cha mwanamke aliyekuja kuuza ndagala, nao wakalipa tena. Hapo ndipo baba aliponunua mnyororo, akamfunga nguzoni mchana na usiku.

Wasomaji wapenzi, juu ya mnyororo huu tungependa kusema kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani ndio dawa ya mbwa mkali. Mnyororo huwalinda watu walio mbali nao, haumtulizi mbwa. Mnyama aliyefungwa mchana kutwa mahali pamoja hana njia ya kukimbia akiogopa, na mnyama aogopaye asiye na njia ya kukimbia huuma. Aghalabu mbwa hawaumi kwa ubaya wa tabia, bali kwa hofu, au kwa maumivu, au kwa kulinda chakula chao. Ana kidonda sikioni, au kupe, au funza chini ya ngozi, nawe hujui kwa sababu hujamkagua. Mtoto anamgusa pale panapouma, naye anageuka. Tena mbwa huzoea ulimwengu akiwa mtoto sana, katika majuma kumi na mawili hivi ya kwanza. Yule aliyezoea msitu na watu wanane katika majuma hayo, itakuwa vigumu sana kwake kuuzoea mji ukubwani. Si neno lisilowezekana, lakini lataka saburi, nafasi, na mtu mwenye wakati. Familia iliyokimbia vita haina hata moja katika hayo matatu.

Siku ile ya ubaya, msichana wa miaka saba, binti wa mpangaji wa chumba cha tatu, aliufuata mpira wake ukaingia karibu na nguzo. Simba alikuwa akila. Akamwuma mguuni chini ya goti, meno yakaingia.

Mama wa nyumba alifanya vema, nasi twapenda kila mama ajue alichofanya. Hakupiga kelele za kumtafuta mbwa. Alimchukua mtoto, akachota maji, akaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa robo saa, ingawa mtoto alilia na wanawake wengine walisema basi. Mmoja alileta majivu ya jikoni, mwingine alileta jiwe jeusi, lile watu wa Kongo waliwekalo penye kidonda cha nyoka. Akayakataa yote mawili. Ukichaa wa mbwa umo katika mate. Sabuni na maji huwaua wale vijidudu wengi kabla hawajaingia katika mishipa ya fahamu, lakini majivu hayawaui, na jiwe haliwavuti. Kisha akampeleka mtoto hospitalini pamoja na mama yake siku ile ile, akaanzishiwa sindano.

Tusidharau jambo hili. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ugonjwa waweza kulala mwilini majuma mengi, hata miezi miwili au mitatu, kidonda kikiwa kimekwisha kupona na watu wamesahau. Ukiamka, mgonjwa haponi. Lakini akichomwa sindano mapema, zote alizoamriwa bila kuruka hata moja, ugonjwa hauamki. Habari hii si mpya: tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur, huko Paris, alimchoma sindano za kwanza mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeletwa na mama yake kutoka Alsace akiwa ameumwa mara nyingi. Mtoto akaishi, akawa mtu mzima, akafanya kazi ya ubawabu katika nyumba ya utafiti ya Pasteur mwenyewe. Imepita miaka zaidi ya 130, na bado kuna watoto wafao kwa sababu watu wazima walileta majivu.

Turudi uani. Wakati mtoto alipokuwa hospitalini, vijana wa mtaa walikuja na fimbo na mawe kumwua mbwa. Baba akasimama mlangoni. Walidhani anamtetea mbwa wake. Kwa kweli alikuwa amekwisha kupigiwa simu na mkewe kwamba daktari amesema: mbwa asiuawe, afungwe salama siku kumi na atazamwe.

Sababu yake ni hii. Mbwa mwenye ugonjwa akiwa na mate ya kuambukiza, katika siku chache ishara huonekana: mpole huwa mkali, au mkali huwa mpole ghafula, sauti hubadilika, udenda humtoka, taya hulegea, miguu ya nyuma hushindwa, naye hufa. Akipita siku kumi mzima, anakula na kunywa, basi siku ile aliyouma hakuwa na ugonjwa huo katika mate. Mbwa aliyeuawa kwa mawe na kutupwa shimoni hawezi kutuambia neno. Lakini sindano za mtoto hazingojei siku kumi. Zaanza siku ile ile, na daktari ndiye atakayesema baadaye kama ziendelee au zikomeshwe.

Vijana walinung'unika. Ndipo mzee mmoja wa mtaa alipowaambia neno lililowaondoa: «Ninyi hamkuhesabiwa siku 21?» Wote walinyamaza. Sisi wa Butembo na Beni twajua kuhesabu siku. Kuanzia Agosti 2018 ebola ilipotangazwa Mangina, mpaka Juni 2020 ilipotangazwa kwisha, ilichukua watu zaidi ya 2,200, na nyumba nyingi zilitazamwa siku 21 kila moja, joto likapimwa asubuhi kwa asubuhi, mpaka hesabu ikatimia. Aliyehesabiwa 21 ataweza kumhesabia mbwa kumi.

Hivyo ndivyo tulivyoitwa siku ya sita. Kwa maana baba alikuwa ameona kwamba siku kumi za kumtazama mbwa ni siku kumi za kuamua, na katika nyumba ile kila mtu alikuwa na shauri lake.

Baba mdogo, aliyekuja kutoka Beni kwa ajili ya jambo hili, alisema siku ya kumi na moja ikifika apewe mbwa, atamtia guniani, atamshusha usiku mbali na mji. «Akipata bahati ataishi.» Kijana mkubwa wa nyumba alijua mtu sokoni atakayetoa fedha. Tulipomwuliza mtu huyo anamtakia nini, hakujibu. Nyanya alisema sumu, upesi, kwa maana nyumba isiyo na amani na majirani haina nyumba. Kijana wa pili, wa miaka kumi na mmoja, ambaye ndiye amlishaye Simba, hakusema neno. Alikaa nje karibu na nguzo, nje kidogo ya urefu wa mnyororo, na kila tulipotazama alikuwa pale pale. Na mama alisema maneno tuliyoondoka nayo: «Tulikuwa nane usiku ule. Sasa tu nane. Mbwa huyu tunamwia. Tutamfukuzaje?»

Tuliombwa shauri, nasi tulilitoa kwa unyenyekevu, tukianza na lililo jepesi. Baba mdogo tulimjibu kwa heshima kwamba gunia la usiku si njia ya kuachana na mbwa, ni njia ya kumhamishia mwingine bila kumwuliza. Mbwa huyo ataamka asubuhi katika ua wa watu wasiomjua, mwenye njaa na mwenye hofu, asiyechanjwa, mwenye meno yale yale. Atakutana na mtoto mwingine mwenye mpira. Tena mbwa wanaozurura ndio wanaoambukizana kichaa. Kisiwani Pemba, Tanzania, ugonjwa huu ulikomeshwa kwa kuwachanja mbwa, kisha mwaka 2016 ukaingia tena kwa mbwa waliovushwa kutoka bara, ikabidi kazi ianze upya mpaka ukakoma tena mwaka 2018. Kisiwa kina bahari kukizunguka na bado aliingia. Mji wetu una bahari gani?

Juu ya mtu wa sokoni hatukusema mengi. Mwenye kununua mbwa bila kutaka kujua kwa nini anauzwa, na mwenye kuuza bila kutaka kujua kwa nini ananunuliwa, wamekwisha kuelewana.

Tulikawia kwa mama. Si neno dogo alilosema, na wale wanaocheka watu wapendao mbwa wangepaswa kulala usiku mmoja chini ya mikakao ile kwanza. Hatukumwambia kwamba mbwa ni mnyama tu, hana haki ya shukrani. Hata mtoto mdogo angejua kwamba tunasema uongo. Tulimwambia: Mama, deni ni kweli, nalo ni la nyumba yako. Walipeni ninyi wenyewe, kwa chakula chenu na usingizi wenu na fedha zenu. Lakini mtoto wa chumba cha tatu hakuwapo usiku ule. Yeye hadaiwi na Simba kitu chochote, naye ndiye aliyelipa kwa mguu wake. Mkimweka mbwa hapa kwa ajili ya shukrani, mnalipa deni lenu kwa mali ya jirani.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna sheria juu ya jambo hili, au ni maneno yetu tu.

Sheria ipo, nayo ni ya kale kuliko sisi sote. Katika Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni yasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama hujibu madhara aliyofanya mnyama wake, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, au amepotea, au ametoroka. Tazameni: hata aliyetoroka. Gunia la baba mdogo lisingemwondolea baba wa nyumba mzigo wake. Na miaka mingi kabla ya hapo, Kitabu cha Kutoka kilipambanua ng'ombe apigaye watu kwa pembe mara ya kwanza, na ng'ombe aliyejulikana zamani kuwa ana desturi hiyo, mwenyewe akaonywa asimfunge. Huyo wa pili hukumu yake ni nzito sana. Kuku alikuwa onyo. Kitenge kilikuwa onyo. Baba hakubisha. Tena, wala hakungoja kuitwa barazani: alikuwa amekwisha kuuza baisikeli yake kulipia sindano za mtoto. Haya hakutuambia yeye, alituambia mama wa mtoto.

Je, asingeweza kubaki kwa njia yoyote? Tuliuliza hivyo kwa kweli, maana si kila mbwa aliyeuma lazima aondoke. Mbwa aliyeguswa akila, akauma mara moja, akaachia, si sawa na mbwa anayemfuata mtu na kumwuma bila kunguruma, tena na tena. Yule wa kwanza, mahali penye ua wake mwenyewe na lango lifungwalo, chumba cha kulalia mchana, chakula mbali na watoto, mtu mmoja wa kumwongoza kwa kamba kila siku, aweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Kuhasiwa nako humpunguzia mbwa dume kuzurura, ingawa hakumwondolei hofu. Tulihesabu yote hayo pamoja na baba pale barazani. Ua si wake. Lango hakuna. Wapangaji watatu wana watoto tisa, na wawili kati yao ndiyo kwanza watambaa. Kuhama hawawezi. Basi tulikuwa tumefika, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Alisema kijana wa nguzoni. Aliingia, akasema kwa sauti ndogo: «Baba, hapa anateseka.» Kisha akatoka tena.

Likabaki neno la mahali. Hapo ndipo tulipokuwa wakali kidogo, na wasomaji watatusamehe. Tulimwambia baba: yeyote utakayempa, mwambie yote. Mwambie juu ya kuku, kitenge, na mguu wa mtoto. Usiseme «ni mlinzi mwema» ukanyamaza. Hilo laweza kuwa kweli, lakini anayepokea mbwa bila kujua hawezi kumlinda mtoto wake. Na kama baada ya kuambiwa kweli hakuna hata mmoja atakayemtaka, basi mwite mganga wa mifugo amchome sindano ya kumlaza asiamke, nawe uwepo, umshike kichwa. Hiyo si sumu katika nyama, ambayo humwua mnyama kwa maumivu na kuua pia mbwa wa jirani na kunguru wa mtaa. Nyanya aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwamba tunapoteza fedha. Yawezekana. Hatukukubaliana naye mpaka leo, naye ni mkubwa kwetu, basi tuliliacha.

Siku ya kumi ilipita. Simba alikula bugali na vichwa vya samaki, akanywa maji, akalala. Siku ya kumi na moja alichanjwa na mganga wa mifugo. Katika Butembo hatukosi watu wa kazi hiyo, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Graben, kilichoanzishwa na Askofu Emmanuel Kataliko mwaka 1989, huwafundisha vijana wetu uganga wa wanyama. Mganga alimkagua na masikio, akakuta la kushoto limejaa kupe na usaha. Alilisafisha. Hakuna aliyejua muda gani lilikuwa hivyo. Baba aliinamisha uso, nasi pia, maana tulikuwa tumekaa naye hatua tano tu siku nzima tukitoa hekima.

Mtu wa kwanza aliyetakiwa kumchukua alikuwa mwenye duka. Alitaka mlinzi mkali, akafurahi sana kusikia kwamba anauma. Aliposikia kwamba habweki, akakataa. Wa pili alikuwa na watoto wadogo, na baba mwenyewe ndiye aliyemkataza, ingawa mtu yule alisema hana hofu. Wa tatu alisema atakuja Jumapili, hakuja.

Wa nne ni mzee mwenye shamba la mikaratusi na mbuzi kumi na wanne nje ya mji, yeye na mkewe tu, watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa. Alikuja mwenyewe. Baba alimsimulia yote, hata kuku. Mzee alisikiliza huku akimtazama mbwa, wala hakumwendea. Alichuchumaa mbali, akatazama upande mwingine, akangoja. Baada ya muda Simba akasogea mpaka mwisho wa mnyororo, akamnusa kiatu. Mzee akauliza mambo matatu: anakula nini, analala wapi, na wajukuu wakija Krismasi afanyeje. Baba akamjibu: «Wakija, mfunge chumbani mpaka waende. Kila mara. Usimwamini hata siku moja.»

Kwa zile siku nne za kwanza kijana alikwenda naye shambani, amlishe mpaka azoee mkono wa mzee. Mama alimpa karatasi ya chanjo ampelekee mzee, imekunjwa katika mfuko wa plastiki, na kengele ya mti iliyokuwa imetundikwa ukutani tangu Oicha. Binti wa chumba cha tatu alikuwa mlangoni na kitambaa cheupe mguuni. Bado sindano moja. Alipowaona wanatoka alirudi nyuma ya mama yake mpaka walipokwisha kupita, kisha akauliza ni mbali kiasi gani huko wanakompeleka.

«Saa mbili kwa miguu,» kijana akasema.